Anayedai kwa Sekunde Ajibu kwa Tarehe

Kuna rai iliyokita mizizi nchini Kenya kuhusu ushuru na mtandao, na karibu kila anayezungumzia mageuzi ya KRA, mamlaka ya ushuru ya nchi, huitaja kana kwamba haina mpinzani. Rai yenyewe ni hii: teknolojia ikishakamilika, mlipa ushuru atashughulika na mfumo moja kwa moja, na wote waliosimama katikati, wahasibu, mawakala wa ushuru, vijana wa saiba, watatoweka wenyewe. Wakala ni dalali, wanasema. Alihitajika kwa sababu fomu zilikuwa ngumu na foleni zilikuwa ndefu. Fomu zikihamia kwenye simu, kazi yake imekwisha. Na afisa wa ushuru naye apunguziwe kuonana na watu, maana walipo watu wawili na deni kati yao, kitu kidogo hakiko mbali. Mashine haiombi hongo.

Naipinga rai hiyo yote, na naipinga nikiwa upande wa teknolojia. Mawasiliano hayaishii kwenye kufikisha ujumbe. Mawasiliano ni kujibiwa. Ofisi ya umma inayoweza kukudai kwa sekunde moja, lakini hailazimiki kukujibu kwa tarehe yoyote, imeboresha mdomo na kuliacha sikio. Na anayeliona pengo hilo kabla ya mtu mwingine ni huyo huyo wakala anayeambiwa hana kazi, kwa kuwa yeye ndiye anayekabidhiwa kesi mashine inaposhindwa kuimaliza.

Tukiri kwanza yaliyofanyika. Tangu mwaka 2015, iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, ilipokuwa lazima kwa wote, mwalimu wa Turkana hahitaji tena kusafiri ili ritani yake ipigwe muhuri. Mfumo hutoa namba ya malipo, mtu hulipa kwa benki au kwa simu akiwa nyumbani kwake, na stakabadhi ipo. Anayebeza mafanikio hayo hakuwahi kusimama kwenye foleni za Juni pale Times Tower, makao makuu ya KRA, zilizozunguka jengo huku jua likiwaka. Mimi siyabezi.

Lakini tazama ni nini hasa kilichoharakishwa. Kuwasilisha ritani. Kulipa. Kukadiriwa. Kutozwa adhabu. Kupokea notisi. Yote hayo ama ni mambo ambayo KRA inayataka kutoka kwako, au ni mambo ambayo inakuelekezea. Njia ya kurudi, ile ya wewe kueleza na kusikilizwa, ilibaki karibu pale ilipokuwa enzi za karatasi.

Chukua VAT, ushuru wa ongezeko la thamani. Ritani inatakiwa kufika kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mfumo hulinganisha ankara alizodai mnunuzi na zile alizotangaza muuzaji, na zisipolingana notisi hutoka. Ni kazi nzuri, kwa maana biashara ya ankara hewa iliiibia nchi hii kwa miaka. Ila mara nyingi kosa liko kwa muuzaji: amechelewa kuwasilisha, amekosea herufi moja ya PIN ya mlipa ushuru, ameiingiza ankara katika mwezi mwingine. Mnunuzi aliyepata notisi hawezi kuifungua ritani ya mtu mwingine na kuirekebisha. Anachoweza ni kueleza. Basi wakala wake anakusanya ankara, taarifa ya benki inayoonyesha malipo yalifanyika, hati ya kupokelea mzigo, na kuandika barua. Hapo ndipo kasi inapokwisha. Barua inatumwa kwa baruapepe ya afisa aliyetajwa kwenye notisi, au kwa anwani ya kituo, au kwa zote mbili kwa tahadhari. Afisa amehamishwa kituo. Sanduku la pamoja limejaa viambatisho. Wiki tatu zikipita mteja anauliza, na wakala hana la kumwambia isipokuwa kwamba alituma.

Ritani ikipokelewa, iTax hutoa hati ya kukiri kupokea yenye namba. Pingamizi lililoingizwa ndani ya mfumo nalo hupata namba yake. Lakini mazungumzo yanayofuata, afisa anapoomba leja, wakala anapotuma nusu na kuomba muda wa kutafuta nusu nyingine, afisa anapoibua swali jipya juu ya lile la zamani, hayo hufanyika nje, kwa baruapepe, kwa barua za kupeleka mkononi, kwa simu. Sehemu nyepesi ya kazi ina ushahidi kamili. Sehemu nzito, inayoamua kama duka litabaki wazi, ushahidi wake umetawanyika kwenye masanduku ya barua ya watu binafsi.

Uzito wa jambo hili uko kwenye saa ya sheria. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 inampa mlipa ushuru siku 30 tangu ajulishwe uamuzi ili awasilishe pingamizi. Kamishna wa KRA naye ana siku 60 za kuamua tangu apokee pingamizi halali. Zikipita bila uamuzi, pingamizi linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 nyingine za kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru. Mimi naiona sheria hiyo kuwa ya haki. Imempa kila upande tarehe yake na imemtoza kila upande gharama ya kunyamaza. Lakini tarehe zote hizo hutegemea siku moja, siku ujumbe ulipofika. Soma maamuzi ya Jopo uone ni kurasa ngapi zinazokwenda kwenye swali hilo tu. Baruapepe ilitumwa lini? Kwa anwani ipi? Pingamizi lilikuwa halali siku lilipoingizwa, au siku nyaraka za mwisho zilipokabidhiwa? Mawakili wanaonyeshana picha za skrini, na lile swali lililowaleta pale, kama ushuru unadaiwa au haudaiwi, halijaguswa. Mlipa ushuru mwenye haki anaweza kushindwa kwa siku moja. KRA yenye haki nayo inaweza kupoteza mamilioni ya umma kwa sababu haikuweza kuthibitisha kwamba uamuzi wake ulitoka siku ya 59. Hasara hiyo ni yetu sote, na ingezuilika kwa sanduku moja la mawasiliano ambalo pande zote mbili zinaliona na hakuna upande unaoweza kubadili tarehe yake.

Kuna pia shida ya anwani yenyewe. Wakenya wengi walipata PIN wakiwa vijana, wanatafuta mkopo wa masomo wa HELB, akaunti ya benki au kazi ya kwanza. Walikwenda saiba. Kijana wa saiba akawajazia, na palipohitajika baruapepe akaweka ya kwake, au akabuni moja papo hapo ambayo neno lake la siri lilisahaulika jioni ile ile. Miaka kumi baadaye mwenye PIN ana duka la vipuri Kirinyaga Road, na notisi zake zinatua kwenye sanduku ambalo hajawahi kuliona. Kwenye rekodi ya mfumo, amejulishwa. Adhabu inaongezeka, riba inaongezeka, na habari ya kwanza anayoipata ni kutoka benki yake, ikimwambia kwamba Kamishna ameagiza fedha zake zipelekwe kulipia deni. Wanaosema mfumo na raia wanatosha, bila mtu wa tatu, wamwangalie mtu huyu. Alikuwa peke yake na mfumo kwa miaka kumi.

Na nani hugundua kwamba baruapepe ya mtu huyu si yake? Mhasibu, siku ya kwanza anapofungua akaunti ya mteja mpya.

Hapa niseme wazi kuhusu neno dalali, maana limekuwa tusi. Dalali hukutanisha muuzaji na mnunuzi, akachukua kamisheni, akaenda zake. Wakala wa ushuru ana leseni. Sheria ile ile ya 2015 imeweka kamati ya kuwachuja wanaoomba leseni hiyo, na leseni inaweza kufutwa. Kazi yake haiishi ritani inapokubaliwa. Huanza upya notisi inapofika miaka mitatu baadaye, na yeye ndiye anayekumbuka kwa nini gharama fulani iliandikwa mahali fulani. Wapo mawakala wabaya, na wapo wasio na leseni wanaojiita mawakala. Dawa yao ni kuwatambua ndani ya mfumo kwa majina na namba zao, ili kazi mbaya ionekane ni ya nani. Kuwakataa wote kunawafichia wabaya.

Tena yeye ndiye anayeisoma notisi kwa lugha ambayo mteja anaielewa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza, lakini mfumo wa ushuru wa nchi hii huwazungumzia raia kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wanasheria. Mama mwenye duka la nguo Kongowea hawezi kusemwa kuwa anawasiliana na ofisi ambayo barua zake lazima zitafsiriwe na mwingine.

Historia nayo haiungi mkono rai ya kumwondoa mtaalamu. Marekani ilipoanza kupokea ritani kwa njia ya kielektroniki mwaka 1986, haikuanza na raia mmoja mmoja. Ilianza na watayarishaji wa ritani watano, katika Cincinnati, Phoenix na eneo la Raleigh-Durham, na mwaka huo zikapokewa ritani kama 25,000. Wataalamu ndio waliobeba majaribio; raia wa kawaida walikuja kufuata baadaye sana. Kwetu mambo hayakuwa tofauti. Kuanzia 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haipunguzi tena faida inayotozwa ushuru, isipokuwa zile chache ambazo sheria imezisamehe. Ni nani aliyemketisha mwenye hoteli ya Nakuru na kumweleza kwamba maziwa anayonunua kwa mfugaji asiye na eTIMS yatahesabiwa kana kwamba hakuyanunua? Ni mhasibu wake, na alimweleza huku akilaumiwa kana kwamba yeye ndiye aliyeitunga sheria. Baadaye utaratibu ulirekebishwa ili mnunuzi aweze kumtolea ankara muuzaji mdogo. Wahasibu wangeulizwa mapema, na wangeulizwa mahali ambapo majibu yao yanasomwa, shida ya mfugaji ingejulikana kabla ya sheria kuanza kuuma.

Kumdharau wakala kuna madhara mengine ambayo hayatajwi hadharani. Mtu asiyepewa mlango wake haondoki. Hutumia mlango wa mwingine. iTax ina njia ya mlipa ushuru kumteua wakala rasmi, lakini kwa wafanyabiashara wadogo desturi ni nyingine kabisa. Mteja hutaja PIN na neno lake la siri kwa simu, au huvituma kwa WhatsApp, na mhasibu huingia kwenye akaunti kama yeye. Wapo wahasibu wenye maneno ya siri ya wateja wao wote kwenye faili moja ya Excel. Kosa likitokea, hakuna anayeweza kusema ni mkono wa nani uliobonyeza. Mteja akiachana na mhasibu, mhasibu bado ana ufunguo wa nyumba. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na hapa, kwenye mambo ya fedha za watu, tumezoea jambo ambalo benki yoyote ingelifukuzia mtu kazi. Sababu si uzembe wa wateja peke yake. Uteuzi rasmi ukiwa na hatua nyingi na faida chache, watu watachagua njia fupi.

Wamarekani wamepita njia hii, na tunaweza kujifunza kwa kosa lao na kwa sahihisho lao. Kwao wakala hupewa mamlaka kwa Fomu 2848, ambayo kwa miaka mingi ilikwenda kwa posta au faksi kwenye vituo vitatu vya IRS, mamlaka yao ya ushuru: Memphis, Ogden na Philadelphia. Januari 2021 IRS ilifungua ukurasa wa kupakia fomu hiyo mtandaoni. Lakini fomu iliyopakiwa iliingia kwenye foleni ile ile ya zile za faksi, na mtumishi akaiandika upya kwenye mfumo kwa mkono wake. Mlango ulikuwa mpya, foleni ilikuwa ya zamani. Julai ya mwaka huo huo wakaleta Tax Pro Account. Mtaalamu anaomba mamlaka ndani ya akaunti yake, mlipa ushuru anaidhinisha ndani ya akaunti yake, na uteuzi unaingia kwenye rekodi papo hapo bila mtumishi kuugusa. Mwanzoni njia hiyo iliwahusu walipa ushuru binafsi tu, na kampuni zikaachwa, kasoro kubwa kwa kweli. Hata hivyo ndani ya miezi sita ofisi moja ilionyesha njia mbili za kuwa ya kidijitali: moja inayohamisha karatasi, na moja inayoiondoa. Sisi tuchague ya pili. Mhasibu wa Kisumu aone wateja wake wote kwa jina lake mwenyewe, kwa kiwango kile tu ambacho kila mteja ameruhusu, na mteja aweze kumwondoa kwa kubonyeza mara moja.

Sasa nifike kwenye hoja ya hongo, iliyo nzito kuliko zote za upande wa pili. Wanaoitoa wanakumbuka walikotoka. Wanajua faili zilizokuwa zikipotea na kupatikana kwa bei. Wanaogopa kwamba ukimpa wakala njia maalumu ya kumfikia afisa, umewapa wawili hao chumba cha kukubaliana. Hofu hiyo naiheshimu.

Lakini chanzo cha hongo ni mazungumzo yasiyoandikwa. Tazama kinachotokea mfumo unaponyamaza. Mkandarasi mdogo ana zabuni ya kaunti inayofungwa Ijumaa, na inadai cheti cha kutimiza wajibu wa ushuru. Cheti kimekwama kwa sababu leja inaonyesha deni la mwaka wa nyuma sana, lililohamishwa kutoka mfumo uliotangulia iTax, deni ambalo alikwisha kulilipa na stakabadhi anayo. Ameandika mara kadhaa bila jibu. Ijumaa inakaribia. Anafanya nini? Anatafuta namba ya simu ya mtu wa ndani. Anapewa na rafiki wa rafiki. Anapiga jioni, saa za kazi zimekwisha, kwenye simu binafsi ya mtu ambaye huenda ni mwaminifu kabisa na huenda si mwaminifu. Maneno yao hayana namba ya kesi, hayana msimamizi, hayana kumbukumbu. Kama kuna chumba cha kukubaliana, ni hicho, na ukimya wa mfumo ndio uliokijenga. Ukitaka kumlinda afisa mwaminifu, mpe mahali ambapo kila alichoandika kinaonekana na kila alichoandikiwa kina tarehe. Ukitaka kumnasa asiye mwaminifu, fanya vivyo hivyo. Kesi iliyokaa kwenye meza moja siku 45 bila sababu iliyoandikwa ni ishara ambayo msimamizi anaweza kuiona kwenye skrini yake asubuhi, kama kesi hiyo imo ndani ya mfumo. Ikiwa imo kwenye WhatsApp ya mtu, hataiona kamwe.

Jibu linalotolewa siku hizi kwa malalamiko haya ni kuongeza njia. Programu ya simu, WhatsApp, ukurasa wa X, roboti ya kujibu maswali. Kila njia mpya huzinduliwa kwa hotuba, na huhesabiwa kuwa mageuzi. Kwa mtu anayetaka kujua PAYE, ushuru wa mishahara, hulipwa lini, roboti inatosha: tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Lakini mtaalamu hapigi simu kuuliza hilo. Anauliza kwa nini malipo ya Machi yaliyolipwa kwa VAT yamesomeka kwenye PAYE, na anataka yahamishwe. Roboti haina jibu la swali hilo, na hata ingekuwa nalo, haina mamlaka. Njia sita zisizo na mwenye uamuzi nyuma yake ni vyumba sita vya kusubiria.

Wengine wamejaribu kuwasukuma watu kwenye mtandao kwa kuwafungia simu, na matokeo yanajulikana. Uingereza, tarehe 19 Machi 2024, mamlaka ya ushuru ya HMRC ilitangaza kwamba laini ya msaada kwa wanaojikadiria ingefungwa kuanzia Aprili hadi Septemba kila mwaka, watu wajihudumie mtandaoni. Kelele zilizofuata, za wahasibu wakiwemo mbele, zilikuwa kubwa kiasi kwamba siku iliyofuata uamuzi ulisimamishwa. Marekani, katika mwaka wa fedha wa 2021, IRS ilipigiwa simu milioni 282, na watumishi wake wakapokea kama milioni 32. Hata laini ya kipaumbele ya wataalamu ilizidiwa, na zilikuwapo kampuni zenye mashine za kupiga simu mfululizo na kushika foleni, kisha kumuuzia mhasibu nafasi. Nafasi ya kusikilizwa na ofisi ya umma ikawa bidhaa yenye bei. Waliopiga simu hizo milioni 282 hawakuwa wagumu wa kujifunza mtandao. Wengi walipiga kwa sababu barua iliyowafikia ilihitaji jibu ambalo ukurasa haukuwa nalo.

Wako pia wanaosema kwamba kumpa wakala njia yake ni kuwapendelea matajiri wanaoweza kumlipa. Ukweli uko kinyume. Kampuni kubwa tayari zina njia yao. KRA ina ofisi maalumu ya walipa ushuru wakubwa, na huko kampuni hupangiwa maafisa wa kuihudumia. Mkurugenzi wa fedha wa benki anajua ampigie nani. Asiyejua ampigie nani ni mwenye gereji, mwenye shule ndogo ya chekechea, chama cha akina mama wenye mashine ya kusaga. Hao humlipa mhasibu wa mtaani ada ndogo kwa mwezi, na mhasibu huyo huyo anabeba makumi ya biashara kama zao. Kumpa yeye njia inayojibu ni kuwapa wao kile ambacho benki imekuwa nacho siku zote. Na kwa KRA yenyewe hesabu ni rahisi: swali moja la mhasibu likijibiwa kwa maandishi, mara nyingi limejibiwa kwa wateja wake wote wenye shida hiyo.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa ufanisi na kwa utaratibu wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Wanaopanga mifumo wangekisoma kifungu hicho kama orodha ya kazi. Kila jambo linalofunguliwa, iwe na afisa au na mlipa ushuru, lipate namba. Namba hiyo ionyeshe dawati linalohusika, na afisa akihamishwa kesi isihame naye. Ombi la nyaraka liwe na orodha kamili, ili mtu asiombwe leo leja na wiki ijayo hundi. Kukataa kuwe na sababu. Mfumo unapolala, ujiandikie wenyewe saa uliyolala na saa uliyoamka, na muda huo utolewe kwenye hesabu ya siku za kila mtu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikahangaika na intaneti. Tarehe 25 Juni mwaka huo huo, siku ya maandamano makubwa dhidi ya Mswada wa Fedha, intaneti ilizorota tena nchini, siku tano kabla ya mwisho wa kuwasilisha ritani. Katika hali kama hizo mlipa ushuru hapaswi kusubiri tangazo la hisani, wala kutunza picha za skrini kama mshtakiwa anayeandaa utetezi.

Watasema ni gharama. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 KRA ilikusanya zaidi ya shilingi trilioni 2.4, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilipita mikononi mwa wahasibu na mawakala walioandaa ritani zake bila kulipwa na Serikali hata senti moja. Uwezo wa kiufundi nao upo. Mfumo unaojua kumtoza mtu adhabu ya shilingi 2,000 kwa ritani iliyokosa tarehe 30 Juni unajua kuhesabu siku. Uhesabu pia zile siku 60 za Kamishna, na uzionyeshe zikipungua, kwenye skrini ya afisa na kwenye skrini ya wakala, kwa tarehe ile ile.